Salama Tu, Ila

Dada Eusebia,

Barua huanza kwa kumwuliza mtu hali yake, na hapo ndipo nimekwama tangu asubuhi. Nikuulize hali wewe? Waliokuaga mara ya mwisho walikuaga ukiwa na pamba puani. Basi hapo niparuke. Ni mimi Longino wa Ngumbo, yule mshona nyavu, mdogo wake Kandidus. Najitambulisha kwa sababu nakujua: hata mbinguni hutakaa bure, utakuwa umeshapata wagonjwa wengi na majina yanakuchanganya. Mimi ni salama tu.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, karatasi nimeikandamiza kwa jiwe isipeperuke kwenda ziwani. Mwandiko utanisamehe. Mkono bado una mambo yake, ingawa si kama ulivyokuwa siku za baada ya msiba wako.

Habari za huku ni nyingi na ni ndogo ndogo. Muhogo wako, ule uliokuwa ukiupalilia presha ilipokuangusha, binti yako ameuvuna na ameugawa kwa majirani. Nami nilipata. Ugali wake ulikuwa mzuri nikashindwa kuumaliza. Pale zahanati wamepaka rangi upya, na lile benchi lako la nje wameliingiza ndani ili watu wasilowe mvua. Ni jambo jema, siwezi kusema si jema. Lakini wewe ulikuwa ukiliweka pale nje makusudi, chini ya dirisha la chumba cha sindano, ili utuone tunavyotembea kutoka getini. Ulikuwa unajua mtu kabla hajaketi. Mikono ikining'inia tu bila kupunga, ulijua mwili umekaza. Nikija nakokota malapa, ulijua. Sasa tunakaa ndani tumepangana, na hakuna anayeona miguu ya mtu.

Nesi aliyekuja nafasi yako anaitwa Amosi. Ni kijana Mwanglikana wa upande wa Liuli, mrefu, ana haraka, na akichoma sindano huwa anaimba kidogo puani. Nilitaka sana awe mtu mbaya, nipate wa kumchukia, lakini hata hilo alininyima. Ni mtu mwema tu. Tatizo lake ni kwamba si wewe.

Unaikumbuka Jumapili ile tuliyojuana? Najua unaikumbuka, ulikuwa unaisimulia mpaka unafuta machozi kwa kanga, na mimi nikijifanya nimekasirika. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeteremka kutoka Mbinga. Huko nilikuwa kibarua wa kahawa, kazi yangu kugeuza kahawa kwenye vichanja, mpaka siku ile kahawa yenyewe ilipoanza kunisema vibaya kwa sauti ya watu. Wenzangu wakanifunga kamba, wakanipeleka hospitali, nikachomwa sindano, sauti zikanyamaza. Kandidus akaja kunichukua. Nikadhani yamekwisha.

Kisha tukaenda kanisani kumshukuru Mungu. Padri akiwa katikati ya mahubiri, shingo yangu ikaanza kuvutwa nyuma, kama vile kuna mtu amenishika nywele. Macho yakapanda yakakwama huko juu kwenye mabati. Nikitaka kuyashusha hayashuki. Taya limekaza, ulimi mzito, siwezi kusema hata "nisaidieni." Bibi mmoja wa benchi la mbele akageuka, akaniona, akapiga magoti pale pale. "Anamwona Mama!" Ndani ya muda mfupi upande wote wa akina mama ulikuwa chini, Salamu Maria imeanza, na padri amesimama altareni hajui aendelee au anyamaze. Mwingine akanivuta shati, akaniomba nimwulizie Bikira Maria habari za mwanawe aliyekwenda Malawi akapotea. Nami nilikuwa nasikia kila neno, Dada. Kichwa changu kilikuwa kizima kabisa. Nilikuwa najua nakufa, na watu wananiombea ndugu zao.

Ndipo ukatoka kwenye kwaya, na sare yako ya kwaya, ukawapita wale waliopiga magoti ukasema kwa ile sauti yako isiyoogopa mtu: "Jamani, inukeni. Huyu haoni Bikira Maria. Huyu amechomwa sindano."

Mkanibeba mpaka zahanati, ukanichoma nyingine. Ukaweka kiganja chako kwenye kisogo changu ukakiacha pale. "Usihangaike, Longino. Shingo itarudi. Si shetani na si malaika. Ni dawa, na dawa nayo ina dawa yake." Ikarudi pole pole, macho yakashuka, na kitu cha kwanza nilichokiona sawasawa kilikuwa uso wako. Wapo akina mama hapa mpaka leo wanaoamini nilimwona Mama, na kwamba wewe ndiye uliyenikatiza.

Tangu siku ile nilikuwa mtu wako. Sijui kama nilikwambia hivyo. Labda sikukwambia, kwa sababu na wewe ulikuwa huniachii nafasi ya kusema mambo ya kupendeza. Ulikuwa unataka habari za choo tu. Umepata choo? Kigumu? Unakunywa maji? Ukienda kutandaza nyavu juani unavaa kofia? Mpaka yale mengine ya kiume uliyauliza, mchana kweupe, unaniangalia usoni, nikatamani ardhi ipasuke. Ukasema, "Usione haya, dawa haina haya." Halafu ukaniambia wapo wengi wanaoitupa dawa kwa ajili ya hilo tu na hawasemi, watu wanadhani ni ukaidi.

Ukanifundisha kuamka. Nani mwingine angenifundisha kuamka, mtu mzima mimi? Nilikuwa nikiinuka kitandani dunia inazunguka, mara mbili nikaanguka kwenye mitungi ya shemeji, mke wa Kandidus. Ukaniambia: kaa kwanza ukingoni, miguu chini, sali Baba Yetu yote mpaka Amina, ndipo usimame. "Na isiwe Baba Yetu ya mbio kama ya watoto wa Komunio." Kandidus akanicheka, akasema sasa nasali kuliko padri. Lakini mitungi ya shemeji ikapona.

Na ile miguu. Wakati ule miguu haikubali kutulia, nakaa nainuka, nakaa nainuka, natembea ufukwe mzima toka mwambani mpaka mwaloni penye mitumbwi na kurudi, watu wakasema ugonjwa umerudi, Longino ameanza. Kandidus alikuwa ameshatafuta kamba. Ukaja nyumbani kwa miguu, ukatembea na mimi. Hukuniambia nikae. Tulitembea tu, ukawa unaniuliza sauti zipo, nikasema hazipo, ni miguu tu, ndani inawasha kama siafu. Ukarudi kwa Kandidus ukamwambia, "Kandidus, kamba irudishe kwa mbuzi. Kinachotembea ni miguu, si kichwa." Wakapunguza dozi. Ikatulia.

Ila kubwa kuliko yote, Dada, ni neno lako lile. Sisi watu wa huku ukitusalimia tunajibu nzuri. Nyumba imeungua, nzuri. Mama amefariki, nzuri, ila tumepata msiba. Ndivyo tulivyolelewa, mtu humrushii mwenzio shida yako usoni kabla salamu haijakaa. Wengine wakishasikia "salama" wanaendelea na shughuli zao. Wewe ulikuwa hufanyi hivyo. Unaniuliza, "Longino, habari za dawa?" Nakujibu, "Salama tu, Dada." Unanyamaza. Unaweka mikono yako mapajani. Halafu unasema, "Ila?"

Hapo ndipo yote yalipokuwa yakitoka. Udenda unalowesha mto. Mikono inatetemeka, sindano ya nyavu haiingii kwenye tundu. Shemeji ananitengea sahani yangu peke yangu.

Hili la sahani ulikasirika nalo zaidi ya yote. Nilikuwa nimesema kwa sauti ndogo, kama jambo la kupita. Wanaume wa nyumbani wanakula sahani moja, ugali wa muhogo na dagaa wetu wa usipa, mimi natengewa pembeni karibu na jiko, kwa sababu ya mate. Ukaja mchana wa chakula, wala hukukaribishwa ukakaribia mwenyewe. Ukanawa, ukaketi kwenye kigoda changu pale jikoni, ukamega ugali wangu, ukachovya mchuzi wangu. Mate yangu yalikuwa yananidondoka mbele yako. Ukatoa kitambaa ukanipa, ukaendelea kula na kumsifia shemeji kwamba usipa wake haujakauka sana. Hukuwahutubia. Kesho yake niliitwa kwenye sahani ya wote. Nililia, nikasingizia moshi.

Sasa nikwambie ya msiba wako, ingawa hutapenda.

Nilikuja na mapema. Nilitaka kuchimba. Nilisimama pale kwenye mstari wa wanaume, nikangoja zamu yangu ya koleo, ilipofika mzee mmoja akalipitisha juu ya mkono wangu akampa mwingine. "Wewe pumzika, wewe mgonjwa." Nikapumzika. Nilipumzika nikiangalia wengine wanakutengenezea nyumba, mimi ambaye nilikuwa na haki kuliko wengi wao. Chakula kilipokuja, wanaume wakakaa vikundi vikundi kuzunguka masinia, na mwanamke mmoja akaniletea sahani yangu, peke yangu, kwa heshima zote. Kwenye matanga yako, Dada. Kandidus aliona. Akainamisha kichwa, akala. Sikumlaumu. Nilitafuta tu uso wako katika umati, kwa mazoea, ili unione.

Baada ya hapo nikawa peke yangu kwa namna ambayo siijui kuieleza. Watu wapo. Nyumba imejaa watoto wa Kandidus, ufukweni kuna kelele kutwa. Lakini hakuna aliyekuwa akinitazama mikono. Sahani ikarudi jikoni bila mtu kutangaza, na mimi nikaifuata.

Siku ya sindano nikaenda. Amosi akaniuliza, "Kaka Longino, unaendeleaje?" Nikamjibu, "Salama." Akasema, "Mungu ni mwema," akachoma, akaita mwingine. Safari iliyofuata vivyo hivyo. Vile vidonge vidogo vya kulegeza mwili ulivyokuwa ukinipa viliniishia, sikuviomba, na yeye akaona mtu anayesema salama havihitaji. Mwili ukakaza. Mikono ikaanza tena, miguu nayo ikaanza. Nyavu zikarundikana mlangoni, wenye nyavu wakaja kuzichukua mmoja mmoja, kwa upole, kila mmoja na sababu yake. Hakuna aliyesema "unatetemeka." Walisema tu kuna ndugu yao Lituhi naye anajua kushona.

Basi nikaacha kwenda. Nilijiambia sindano ndiyo iliyoninyima mikono, na bila mikono mimi ni nani? Kandidus akafurahi. Kwa kweli nami nilifurahi. Mikono ilitulia, mate yakakauka, nikawa natembea napunga kama askari. Wenye nyavu wakarudi. Shemeji akaniita kwenye sahani. Ungeniona ungesema Longino amepona. Watu walisema hivyo, na mimi nikawa nawaitikia.

Kisha mchana mmoja niko na wavu magotini, nikasikia mtu ananiita kutoka ziwani. Nikaitika. Nikatazama: hakuna mtumbwi, hakuna mtu, maji matupu na jua. Ikaniita tena, na safari hii niliijua. Ilikuwa ile ya kwenye vichanja. Ikaniambia niingie, maji si marefu, nitembee tu. Dada, nilikuwa nimeshasimama. Wavu uliokuwa magotini ulinizunguka miguuni, nikaanguka kifudifudi mchangani, na pale chini, mdomo umejaa mchanga, nikakusikia wewe. Si sauti ya ugonjwa, hiyo naijua. Ni kumbukumbu tu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinyamaza.

Nikauacha wavu pale pale nikaenda zahanati. Njia nzima ile iliniita, na mimi nikawa nasali Baba Yetu bila kufika Amina, nikifika karibu na mwisho naanza upya.

Amosi akanipokea. "Kaka Longino! Umepotea. Unaendeleaje?"

"Salama," nikasema. Mungu wangu, nilisema salama! Mchanga uko hata kwenye kope, nasema salama. Naye akainama kuchukua bomba la sindano. Nikangoja. Nilikuwa nangoja neno lako litoke kinywani mwake, na lisingetoka, angelijulia wapi? Kwaya ya wagonjwa ilikuwa inakohoa nyuma yangu. Nikajua kama silisemi mimi, hakuna wa kulisema tena, na nitarudi ufukweni, na maji yako pale pale.

"Ila," nikasema.

Akainua kichwa. Nami nikaanza kulia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Akaweka bomba chini. Akavuta kiti. "Ila nini, kaka?"

Nikamwambia yote. Sauti ya ziwani, na kwa nini niliacha, na mikono, na mate, na siafu wa miguuni, na yale ya kiume, mbele ya mlango uliokuwa wazi nusu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaukunja na kuukunjua mkono wangu kwenye kiwiko, akaniambia ninyooshe vidole, akatoka na mimi nje nitembee mpaka getini na kurudi. Akampigia simu daktari Mbinga, wakazungumza kwa muda. Nilirudishiwa sindano kwa dozi ndogo, na vidonge vile vya kulegeza nikapewa siku hiyo hiyo, na nikaambiwa nije kila wiki kwanza aniangalie. Halafu akanigeuzia macho, na hapo alinikumbusha wewe, maana alikuwa na hasira. "Kaka, ningejuaje? Kila ukija unaniambia salama!"

Nikacheka, Dada. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilimwambia kwetu sisi sote ndivyo tunavyosema. Akasema hata kwao Liuli ndivyo wanavyosema.

Sauti imenyamaza. Mikono haijatulia kabisa, daktari anasema huenda isitulie yote, lakini sindano ya nyavu inaingia kwenye tundu nikiwa na subira, na wenye nyavu wawili hawakuondoka. Mate bado yapo kidogo. Nina kile kitambaa chako, nakifua kila Jumamosi.

Na sahani ilirudi jikoni, kama unavyojua ingerudi. Safari hii sikuwa na wewe wa kuja kuketi. Juzi nikamwambia shemeji, "Chakula chako kitamu, shemeji. Ila nataka kula na wenzangu." Alikuwa anapepeta, akaendelea kupepeta. Jana mchana nikaletewa sahani yangu kama kawaida, nikasema moyoni basi, ndiyo hivyo. Mara Kandidus akatoka ndani ameshika sahani yake mkononi, akaja akaketi kando yangu, akala bila kuniangalia. Sahani mbili bado, Dada. Lakini tulikuwa kwenye mkeka mmoja.

Wamesema misa ya kukuwekea msalaba itakuwa baada ya mavuno ya mpunga. Nitakuja, na safari hii sitangoja kupewa koleo, nitakuja na la kwangu. Nakuahidi na hili: siku ya sindano nitakuwa kwenye benchi, hata kama wamelificha ndani. Kila asubuhi nitakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, nitasali Baba Yetu isiyo ya mbio mpaka Amina, ndipo nitasimama. Na nikiulizwa hali nitajibu salama kama tulivyolelewa, halafu nitangoja kidogo, nimalize mwenyewe.

Lala, Dada Eusebia. Umechoka na watu. Ukisikia tunakusalia, ujue sauti ya nyuma kabisa ni yangu.

Najua hapo ulipo umeshaweka mikono mapajani, unaningoja. Haya. Mimi ni salama tu, Dada.

Ila nimekukumbuka.

Longino